Maporomoko Nyuma ya Nanyama

Okeny aliirudisha bahasha kwa ncha ya kidole, kama mtu anayesukuma sahani ya maharage yaliyochacha.

"Nyabo, mama, hii mapicha hapana."

"Hapana vipi?"

"Nyuma yake. Sheria inasema nyuma iwe nyeupe. Sasa hii nyuma iko na mlima, iko na maji, iko na migomba. Hii ni ya mtihani ama ya harusi?"

Makarani wawili waliokaa nyuma yake wakaangua kicheko. Nelima hakucheka. Alikuwa amelifunga duka lake la daftari kule Kikuubo siku ya Jumatano, siku ambayo wanunuzi kutoka mikoani hujaa, akasimama kwenye foleni ya ofisi ya mitihani tangu saa mbili asubuhi mpaka saa saba mchana, na huyu bwana mwenye kalamu nne mfukoni anamletea habari za harusi.

"Ni watoto kumi na mmoja, ssebo," alisema, akijizuia. "Darasa la saba lote. Ndio wale wa kwanza mliowatangazia elimu ya bure, miaka saba iliyopita. Barabara ilikatwa na mvua, majina yakachelewa wilayani, wilaya ikasema tulete hapa Kampala. Nimeleta. Kwao ni juu kabisa, mlima Elgon. Nitawapata wapi wapigwe picha nyingine?"

"Ijumaa saa kumi na moja jioni tunafunga. Nyuma nyeupe, uso wote, masikio yote mawili. Asiye na picha hana mtihani, angoje mwaka kesho. Mwingine!"

Mwingine! Yaani watoto kumi na mmoja wameshamalizwa hivyo, aje mwingine. Nelima alitoka nje damu ikimchemka, asijue aanze kumtukana nani.

Maana hasira yake haikuwa ya Okeny peke yake. Nusu ilikuwa ya kaka yake, Khaemba, mwalimu mkuu wa shule ile, na ukitaka ukweli ndiye mwalimu wa hesabu pia na ndiye mpiga kengele, kwa sababu kila mwalimu anayepangiwa kule hulitazama jabali, akaitazama ngazi ya miti ya kulipandia, akageuza mguu. Khaemba alieleza yote bila haya katika barua iliyoshuka na lori la kahawa. Mpiga picha hupanda mlimani siku moja tu kwa mwaka. Siku ilipofika, Khaemba alitundika shuka jeupe kwenye ukuta wa darasa, kama alivyoagizwa. Wazazi walipoliona, zogo! Kwao anayewekewa shuka jeupe ni maiti. Mama mmoja alilivuta chini kwa mikono yake mwenyewe, akamuuliza, "Mwalimu, unataka kumzika mwanangu akiwa amesimama?" Na kwa kuwa kule picha hupigwa mahali pamoja tu, bibi harusi pale, kijana aliyetoka jandoni pale, watoto wakaogeshwa, wakapakwa mafuta, wakapelekwa maporomokoni. Khaemba akafuata nyuma. "Ningefanya nini, dada?" aliandika. Ungefanya nini! Ungesimama kiume mbele ya shuka lako, ndicho ungefanya.

Aliketi kwenye ngazi za ofisi, akazimwaga zile picha mapajani. Hapo ndipo alipokumbuka kwao, na hakutaka kukumbuka. Maji yalishuka kutoka kwenye mwamba mweusi, marefu kuliko jengo lolote la Kampala, yakapasuka chini na kuwa moshi mtupu. Kahawa ilikuwa imechanua kwenye matuta yote ya mlima. Upinde wa mvua, mdogo tu, ulisimama pale chini ambapo husimama kila siku asubuhi jua likitoka. Ilikuwa nzuri ile nchi, nzuri mpaka inaudhi. Na mbele ya uzuri wote huo kila mtoto na picha yake moja, sweta limetoboka viwiko, macho makavu kama ya polisi.

Wa mwisho alikuwa Nanyama, binti wa Khaemba, miaka kumi na mitatu, kichwa kimenyolewa, masikio yamechomoza. Huyo ndiye wa kwanza darasani tangu alipojua kushika penseli. Na kwa jinsi anavyofanana na shangazi yake, watu wa kule walishaacha kumwita jina lake, wanamwita Nelima Mdogo.

Nelima alifungua pochi. Humo, pamoja na leseni ya duka, alikuwa na picha ndogo nyeusi na nyeupe ambayo hakuwahi kumwonyesha mtu. Msichana wa miaka kumi na mitatu, kichwa kimenyolewa, ukuta mweupe nyuma yake. Mwaka ule, kabla ya serikali hii kuingia, mwalimu wao wa zamani aliwashusha wote Mbale wakapigwa picha za mtihani. Khaemba alikuwa amefanya mtihani wake mwaka uliotangulia, akapita. Zamu ya Nelima ilipofika, mvua ilinyesha siku nne na ngazi ya jabalini ikavunjika vipande. Alikaa juu ya jabali na rula yake na penseli zake mbili tangu alfajiri, akiiona shule ya mtihani kule chini, ndogo, na bati lake linang'aa, mpaka jua likazama. Mwaka kesho, walimwambia. Mwaka kesho ikaja vita, na baada ya vita akaja mume.

"Safari hii hapana," alisema kwa sauti, mlinzi wa lango akageuka kumtazama. "Unaniangalia nini? Nimesema hapana!"

Kamwokya, nyuma ya soko, kuna Mnubi mmoja mzee aitwaye Latif, ambaye amepiga picha za vitambulisho za nusu ya mapolisi wa mji huu. Nelima alimwekea bahasha mezani.

"Mzee wangu, unaweza kuwatoa watu hawa?"

"Kuwatoa niwapeleke wapi, binti yangu? Studio yangu hii mimi mwenyewe naingia kwa kukunja magoti."

"Wapeleke kwenye ukuta mweupe."

Latif alivaa miwani, akainamia picha ya kwanza. "Subhanallah. Mahali kama hapa, na wewe unataka ukuta?"

"Mimi sitaki kitu. Serikali ndiyo inataka ukuta."

"Kale, haya, kazi ipo." Alimweleza. Atamkata kila mtoto kwa wembe, ambandike kwenye kadi nyeupe, ampige picha upya kwa nyeusi na nyeupe, amsafishe awe mdogo. "Ila kila mtoto ana picha moja tu, na filamu iko kwa huyo mtu wenu wa milimani. Mkono ukiteleza, basi."

Alhamisi asubuhi walikaa mezani karibu na dirisha, Latif na wembe, Nelima na gundi. Mzee alikata polepole, akiuzungusha wembe shingoni, taya, sikio, utosi, sikio, mpaka mtoto anachomoka na nyuma yake yanabaki maporomoko yenye tundu la mtoto. Masalio aliyaacha yaanguke sakafuni. Alipofika wa tisa macho yalianza kumtoka machozi. Nelima akauchukua wembe, akamkata wa kumi vizuri tu, akamvuta Nanyama.

Hapo ndipo Travis alipoingia. Huyu ni kijana Mkenya, mtanashati, anafanya kazi katika kampuni ya kutembeza watalii yenye ofisi Bugolobi, na alikuja kuchukua filamu zake zilizosafishwa. Alisalimia vizuri, hilo tusimnyime. Kisha akaona kilichokuwa sakafuni, akainama, akaokota kipande chenye tundu, akakinyanyua dirishani.

"Dada, hapa ni wapi?"

"Kwetu."

"Aisee! Natafuta picha ya kalenda mwezi wa pili huu, na kumbe iko chini ya miguu yenu. Hakuna moja ambayo haijatobolewa? Yaani bila watoto. Watoto wanaharibu."

Wembe wa Nelima ulikuwa shavuni mwa Nanyama. Ukasimama. "Wanaharibu nini?"

"Mandhari, dada. Usikasirike, ni biashara. Mtu anafikaje huko?"

"Kwa ngazi," Nelima alisema. "Ngazi ya miti, imefungwa kwa kamba, imeegeshwa kwenye jabali. Watoto wetu wanashuka na kupanda hiyo. Mwaka juzi mmoja alianguka, tukamzika. Kampuni yako kama ina nguvu, iweke ngazi ya chuma. Hiyo tu. Halafu leta watalii wako hata mia, nitawapikia mimi mwenyewe."

Travis alifikiri, na alifikiri kwa moyo safi, hilo ndilo lililomponza. "Chuma hapana, dada, chuma itaondoa ile ladha. Ngazi ya miti ndiyo wageni watakayolipia kuiona. Hiyo ndiyo raha yenyewe."

Raha yenyewe! Nelima alisimama, kiti kikaanguka, mkono ukaenda na hasira. "Toka! Toka nje! Mmoja ofisini anataka watoto bila mlima, na wewe unakuja hapa unataka mlima bila watoto! Mnagawana nini nyie? Wale wanaoishi pale mmewaweka wapi? Weka chini hicho kipande, si chako, toka!"

Travis alikiweka chini, akaondoka bila hata filamu zake. Latif hakuwa anamtazama Travis. Alikuwa anatazama meza.

"Binti yangu," alisema, "mkono wako."

Sikio la kushoto la Nanyama lilikuwa juu ya meza, dogo, pamoja na kipande cha mwamba mweusi.

Nelima alikiinua kiti. Alikaa chini. Latif alijaribu kulibandika, gundi ikalikunja. Akachukua brashi na wino, akachora jingine kwenye kadi, akalipuliza likauke. "Kwa mbali halionekani," alisema, ingawa wote wawili walijua Okeny hatazami kwa mbali.

Ijumaa saa kumi kasorobo Nelima alikuwa dirishani. Okeny alizipanga picha kwenye fomu, moja moja, akizisogeza karibu na pua. Kumi zikapita. Ya kumi na moja aliigeuza, akaikwaruza kwa ukucha.

"Nyabo. Hii sikio imechorwa."

"Ameumia tu, ssebo. Lipo sikio lenyewe."

"Imechorwa. Hii hapana. Huyu angoje mwaka kesho."

"Huyu ndiye wa kwanza darasani!"

"Basi hata mwaka kesho atakuwa wa kwanza."

Mwaka kesho! Nelima aliisikia ile kauli na akaijua sauti yake, ile ile, miaka kumi na minane haijazeeka. Mlimani msichana hangoji mwaka kesho. Anayengoja ni mwenye ng'ombe wa mahari, na huyo hangoji sana. Na safari hii si mvua iliyovunja ngazi. Ni mkono wake mwenyewe, mkono wa shangazi mtu, na hasira zake zisizo na breki.

"Ngoja," alisema. "Nimekosea kutoa. Yake ni hii."

Alifungua pochi. Okeny aliipokea ile picha ndogo nyeusi na nyeupe, akaisogeza puani.

"Ukuta mweupe. Vizuri. Sikio moja, sikio mbili." Akakunja uso. "Mbona imechakaa hivi?"

"Kwetu kuna unyevu, ssebo. Si uliyaona yale maji?"

Okeny alimtazama msichana kwenye picha. Kisha akainua macho, akamtazama Nelima, umbali wa mkono mmoja tu kati yao. Nelima hakuinamisha uso. Alisimama wima na masikio yake yote mawili nje ya kitambaa, na kwa namna alivyokasirika alitamani aonekane. Mwanamume yule alikuwa ameona migomba, ameona wino kwenye sikio, aone basi na mtu! Aseme, mbona huyu ni wewe?

Okeny hakuona kitu. Aliibandika picha, akapiga muhuri, kishindo mpaka kalamu zikaruka.

"Unaona sasa? Mngefuata sheria tangu Jumatano, tusingesumbuana."

Nelima alichukua stakabadhi zake kumi na moja, akarudi dukani. Hakuwa na furaha hata kidogo. Alichana karatasi kwenye daftari jipya kabisa, akamwandikia Khaemba barua ya kupanda na lori la kahawa jioni ile.

"Kaka, wamepita wote. Shuka lako jeupe tutalizungumza siku nyingine, usidhani nimesahau. Sasa nisikilize. Nywele za Nanyama zisiote mpaka mtihani uishe, mnyoe kila wiki. Akiulizwa kwa nini picha yake imezeeka, aseme ni unyevu. Waanze kushuka siku tatu kabla, mvua inyeshe isinyeshe. Siku hiyo usimwachie mtu mwingine ile ngazi, ishike mwenyewe, kwa mikono yako miwili, mpaka mguu wake uguse chini. Picha niliyompa ndiyo ile yangu. Sina nyingine."