Kompyuta Iliyopakwa Deheni

Vita vilipowatoa Kismayo, Mahmudi aliacha masufuria akabeba kompyuta, na tangu wafike Ras Kamboni mkewe Mwanahija hakumpa raha kwa hilo. Sasa binti yao Lubna ameolewa Mombasa, kawaletea harusi yake kwenye sidii, na kila kinamama wa jirani wakijaa kuitazama, kompyuta hupata moto ikazimika kabla bibi harusi hajatoka chumbani.

Fundi wa Kiunga alisema kwa simu kwamba dawa inayopakwa kati ya prosesa na chuma kinachoipoza imekauka.

"Kupaka tu?" Mahmudi akacheka. Yeye kazi yake kuunda mashua. Akaifungua kompyuta, akaipaka deheni, yale mafuta ya papa na chokaa anayopaka mashua chini zisiingie maji.

"Mchu huyu ana wazimu," alisema Mwanahija, lakini majirani akawaita.

Safari hii bibi harusi alitoka. Vigelegele! Kisha kwenye kioo sinia za pilau zikaingia, na papo hapo nyumba nzima ikanukia papa wa kukaangwa. Deheni ilikuwa inachemka. Moshi ukafuka, kioo kikazima, na kinamama, badala ya kukimbia, wakanyanyuka kwenda kunawa mikono.

Mwanahija alimkata mumewe jicho, akaenda kuazima sufuria awapikie wageni.

Jioni Lubna akapiga simu. "Mama, harusi yangu mmeiona?"

"Kuiona?" alifoka Mwanahija, huku akilamba vidole. "Tumeila!"