Vitanda Viwili Ndani ya Mashua

Bibi mshonaji alikuwa amekwisha kubali mengi. Alikubali nyumba ipangishwe, akakubali kabati lake la vyombo lichukuliwe na binti yao, hata kuzeekea majini akakubali, maana mumewe seremala alistaafu na ndoto moja tu: mashua ya matanga ya kuishi wao wawili, bandari hadi bandari. Aliomba jambo moja, aione kwa ndani hiyo mashua aliyoijenga mumewe, kabla wapangaji hawajakabidhiwa nyumba jioni ile.

Mzee akamshika mkono, wakashuka ngazi ya mashua.

Jiko lilining'inia kwenye bawaba. Mashua ikiinama, lenyewe linabaki wima, chungu kisimwagike. Bibi akacheka. Kila rafu ilikuwa na ukingo wa kuzuia vikombe. Akasifu. Kufika mwisho wa chumba, akasimama ghafla.

Kitanda chembamba huku, kitanda chembamba kule. Katikati njia.

"Baba Watoto, hivi ni nini?"

"Hicho chako, hiki changu."

"Tumeachana lini, mbona sikuambiwa?"

"Sikia, mke wangu. Safarini mashua inalala upande. Kitanda kipana kinakurusha kama gunia la viazi. Chembamba kinakukumbatia."

"Kinikumbatie kitanda! Na wewe kazi yako itakuwa nini?"

"Si kila siku unasema nakoroma?"

"Nasema, ndiyo! Nimekwambia uhame?" Machozi yalimlengalenga. "Tangu unioe sijalala peke yangu, ila ulipolazwa hospitali, na hapo usingizi wenyewe sikuuona. Nyumba siitoi. Nenda na vitanda vyako."

Seremala akasimama kama aliyemwagiwa maji ya baridi. Alikuwa amewaza upepo, mawimbi, matangi ya maji ya kunywa, hata pa kuweka unga usiingie unyevu. Hili halikumpitia akilini kabisa.

"Hebu nijibu," bibi akasema. "Kila usiku tutakuwa safarini?"

"La. Mara nyingi tutakuwa tumetia nanga, mahali patulivu."

"Sasa nyumba yangu umeipimia dhoruba tu?"

Mzee aliitazama ile njia ya katikati, akatoa futi mfukoni, akapiga magoti kuipima.

"Ubao hapa," akanong'ona. "Wa kupachika na kuondoa. Tukitia nanga, kinakuwa kitanda kimoja. Lakini godoro..."

"Godoro nitashona mimi." Bibi akafuta machozi. "Ila wapangaji waambie wasubiri. Huo ubao nataka kuulalia kwanza."