Kaki Hurudi

Asubuhi ya Jumanne moja, mwezi wa pili mwaka 1951, Marita Nachilima alikuwa amepiga magoti kwenye kijito nyuma ya soko la Tunduma, akipanga mawe juu ya jora la kaki ili maji yasilichukue. Alikuwa na mwaka wa nne katika kazi hiyo. Kaki ililala majini usiku mmoja na mchana mmoja, na chumvi kidogo, ikaanikwa juu ya nyasi, ikapigwa pasi ya mkaa, ndipo fundi Sadoki Simfukwe akaitia mkasi. Sababu inajulikana na kila mshonaji, na asiyeijua ataijua siku ya kufua. Kaki mpya hurudi. Ukiishona kavu, ikionja maji mara ya kwanza tu inarudi, mikono inapanda, kola inakaba, na mwenye shati anatembea kama kuku aliyenyeshewa.

Sadoki alishonea kwenye baraza la duka, karibu na barabara kuu. Alikuwa na cherehani mbili. Moja aliiendesha mwenyewe, ya pili iliendeshwa na yeyote aliyejua kushona na aliyeamka na njaa siku hiyo. Wateja wake walikuwa wanaume wa Mbozi, Isansa na Momba waliokuwa wakienda kusini kwenye migodi ya shaba. Walishuka kwa miguu, wakangoja lori siku mbili tatu, na katika kungoja huko wakajishonea shati la kaki ili wasifike kwa watu wamevaa matambara. Siku ya kukabidhiwa, mteja alilikunjua shati, akalitazama dhidi ya jua, akauliza, "Itarudi, fundi?" Sadoki alikuwa anaweka kiganja cha kulia juu ya cherehani, anajibu, "Hairudi." Neno hilo lilikuwa kiapo. Kaki ikirudi, fundi anashona shati jingine bila ubishi. Kwa ajili ya kiapo hicho watu waliwapita mafundi wawili njiani, wakaja kwake.

Marita naye alikuwa na sababu yake ya kukaa pale. Mume wake, Yonathani, alipanda lori mwaka 1947, yeye akiwa na mimba ya Loisi. Jora la kwanza kabisa alilomlowekea Sadoki ndilo lililotoa shati la Yonathani, na kwa kuwa lilikuwa la mume wake, aliliacha majini siku mbili badala ya moja. Zilikuja barua mbili, kisha kimya. Kaka zake wa Isansa walimwita arudi nyumbani alime. Alikataa. Kutoka kijitoni barabara ya kusini ilionekana yote, tangu kizuizi cha mpaka hadi pale inapopotelea kilimani, na Marita hakutaka kitu kingine duniani ila awe anaitazama barabara hiyo siku Yonathani atakapoishuka.

Jumanne ile, Sadoki alipima jora kabla ya kuloweka, na Alhamisi, lilipokauka, akalipima tena. Akapima mara tatu, kwa futi, kwa dhiraa, na kwa kamba.

"Mama Loisi," akasema, "maji yamekunywa shati zima."

"Maji hayanywi shati, fundi. Kaki ndiyo imerudi."

"Kila jora shati moja! Chumvi yangu, mkaa wangu, siku zangu mbili, halafu kijito nacho kinavaa! Haya basi. Hatuloweki tena."

"Itarudi, fundi."

"Irudi! Itarudi wameshafika migodini, Kitwe. Nani atatoka Kitwe mpaka hapa kuja kunionyesha kwapa?"

Lilikuwa wazo zuri. Kosa lake lilikuwa kwenye neno moja tu. Marita alikusanya ndoo yake, akamfunga Loisi mgongoni, na tangu kesho yake akawa anauza mahindi ya kuchoma na karanga pale kwenye kizuizi. Kwa upande wa kuona barabara, hakupoteza kitu.

Sadoki akashona kavu. Mashati yaliongezeka, wateja waliongezeka, na kila aliyeuliza "Itarudi?" alijibiwa kwa kiganja kilekile, juu ya cherehani ileile. Hapo ndipo mtu anapotaka kumzaba kofi fundi huyu, maana alijua.

Shati la kwanza lilirudi mwezi wa sita, wakati wa baridi, ukungu ukiwa bado haujanyanyuka. Lilikuja peke yake katikati ya barabara, limesimama wima, kola juu, mikono ikienda mbele na nyuma. Ndani yake hakukuwa na mtu na chini yake hakukuwa na miguu. Lilisimama mbele ya kizuizi. Anania, karani wa mpakani, alilitazama, akafungua kitabu, akaandika: shati moja, kaki, limetumika, halina mtu. Kwa ufahamu wake nguo iliyokwisha kuvaliwa haikuwa na ushuru. Shati lingeweza kupita chini ya mti wa kizuizi bila kuinama, lakini Anania aliunyanyua, kwa heshima.

"Limetoka mbali," alimwambia Marita. "Tazama vumbi hilo."

Marita alikuwa amekwisha simama. Alitazama kola, akatazama mishono ya mfukoni. Halikuwa la Yonathani. Akakaa, akageuza mahindi yake.

Shati lilikwenda moja kwa moja hadi barazani kwa Sadoki. Lilikuwa limeondoka mgodini Mufulira likiwa la mwanamume mwenye mabega, lakini kila maili ya barabara lilirudi kidogo, na lilipofika lilimtosha mtoto wa miaka sita. Sadoki aliijua mishono yake.

"Limerudi," akasema, kama mtu anayesema mvua imeanza. Akalikunja, akaliweka kwenye benchi.

Juma lililofuata ilikuja barua ya mwenye shati, Osea, mtu wa Isansa. Iliandikwa kwa adabu. "Fundi, salamu sana. Mimi ni mzima. Nililifua shati langu Jumapili nikalitundika msumarini. Nilipotoka shimoni halikuwapo. Wenzangu walilikuta njiani linakuja huko kwenu, wakalipisha njia. Ulisema hairudi. Nakuomba jingine, mukwai, bwana fundi, maana huku tunaingia kanisani na singlendi."

Kiapo ni kiapo. Sadoki akashona jingine, akalituma kwa dereva wa lori. Ila alikuwa amekwisha nunua majora saba kwa ile furaha ya kutoloweka, na hakuwa na siku mbili za kungoja, hivyo la pili nalo alilishona kavu. Mwezi wa saba lilirudi. Nalo siku hiyo lilifuatana na mengine manne.

Ikawa hivyo. Anashona la kuuza moja, la kufidia mawili. Yale yaliyorudi hayakuwafaa wenyewe tena, kwa kuwa kifungo cha juu kilikuwa kimekaribiana na cha chini. Hakuweza kuyafumua pia, maana aliponyanyua mkasi yalirudi nyuma hatua moja, na fundi si mchinjaji. Aliyapanga kwenye benchi, benchi likajaa. Akayapanga sakafuni, wateja wakakosa pa kukanyaga. Mwenye duka akaanza kudai kodi ya chumba cha nyuma. Mwisho wa mwezi cherehani ya pili ilipanda lori kwenda kwa mnunuzi wa Mbeya. Wanawake wa sokoni walikuwa wakipita pale wanasema "rahisi ghali, jamani, rahisi ghali," na walikuwa hawasemi polepole.

Kisha ikafika Jumamosi ya mwezi wa nane ambayo watu wa Tunduma huitaja hadi leo wakiwa wamevua kofia.

Anania ndiye aliyeyaona kwanza, kilimani, kabla jua halijachomoza. Akadhani ukungu una rangi mbaya. Yalikuwa mashati. Yalishuka mawili mawili, kisha manne manne, barabara nzima, na nyuma yake mengine, na kilima kikaendelea kuyatoa. Hayakutoa sauti ila ile ya kitambaa kikipita kwenye kitambaa. Yalipokutana na ng'ombe, yalisogea kando, ng'ombe wakapita. Mengine yalikuwa na madoa ya shaba mgongoni. Mengine yalikuwa na tundu la moto, au damu iliyokauka, na hayo yalitembea polepole na yale mazima yakayangoja. Anania alinyanyua mti wa kizuizi, akaushika hivyo hadi yote yakapita, na kitabu hakukigusa. Madereva walizima magari. Wachuuzi waliweka mizigo chini. Hakuna aliyeuliza kitu, maana kaki hurudi, kila mtu analijua hilo. Walisimama tu, kama watu wanavyosimama mfalme akipita, na wengi walikuwa wanalia bila kujifuta.

Marita alisimama kwenye ukingo wa barabara tangu la kwanza hadi la mwisho. Alitazama kila kola. Jua lilipofika utosini barabara ilikuwa tupu, na Marita alikuwa bado anatazama.

Habari zilifika Isansa na Mbozi kabla ya jioni. Jumapili baada ya ibada wake za watu walishuka na watoto wao. Hawakuhitaji kuambiwa lipi ni la nani. Kila mwanamke alipita kati ya mashati, akainamisha uso, akanusa, akasimama mbele ya moja. Na kila shati, lilipovishwa mtoto wa mwenye shati, lilimtosha sawasawa, mabega kwa mabega, kama lilipimwa juu yake. Kulikuwa na watoto waliozaliwa baba zao wakiwa wamekwisha ondoka. Hao nao waliingizwa mikono, wakaacha kulia. Mikono ya mashati ilikuwa na joto ndani, joto la mkono wa mtu.

Felista, mke wa Osea, alipata mashati mawili, kwa kuwa la mume wake lilirudi mara mbili. Alikuwa na watoto wawili.

Sadoki alikaa nyuma ya cherehani yake iliyobaki, akitazama mali yake ikiondoka, na hakudai hata senti. Usoni alikuwa kama mtu aliyeingia kanisani kwa kukosea mlango, akaona aibu kutoka.

Jioni baraza likawa tupu. Loisi alikuwa amezunguka tangu asubuhi, akiwagusa wenzake mikono.

"Mama, la baba liko wapi?"

Marita alikuwa na jibu tangu jana yake.

"La baba yako halitakuja, mwanangu. Nilililoweka mimi mwenyewe. Siku mbili. Nilililoweka vizuri mno."

Loisi akafikiri. "Kwa nini?"

"Kwa sababu nilimpenda," alisema Marita, akambeba, wakaenda zao.

Juma lile Sadoki alikwenda mwenyewe kizuizini. Alinunua karanga asizozitaka. Alizila zote akiwa amesimama.

"Mama Loisi, rudi kijitoni. Nakuomba. Nimeshona kavu miezi sita, na nimebaki na cherehani moja na deni la jora. Nilifukuza chumvi."

"Hukufukuza chumvi, fundi. Ulinifukuza mimi."

"Kweli. Nimekosa."

Akarudi. Kaki ikalala majini usiku na mchana, chumvi kidogo, mawe juu. Mashati yakaacha kurudi. Wanaume waliendelea kushuka kutoka milimani na malori yaliendelea kuwachukua, na katika kitabu cha Anania ukurasa wa waliokwenda ulijaa, ukageuzwa, ukajaa tena. Ukurasa wa waliorudi ulikuwa na majina machache ya wazee wenye kikohozi.

Mwezi wa kumi, siku ya jua kali, Nesta wa Isansa alishuka kijitoni. Alikuwa na mtoto mchanga mgongoni. Mume wake, Danford, alikuwa aondoke Ijumaa. Alisalimia, akaangalia huku na huku, akachuchumaa karibu na Marita.

"Dada," akasema, "hiyo kaki ya Danford, usiiloweke."

Marita hakumtazama. "Fundi ataapa hairudi. Ikirudi atashona nyingine, na mimi nitarudishwa kuuza mahindi."

"Najua."

"Na Danford atatembea huko bila shati."

"Najua, dada."

"Shati litarudi, Nesta. Hilo naweza. Mtu, siwezi."

"Najua," alisema Nesta, akamweka sawa mtoto mgongoni. "Ndiyo maana naomba shati."

Kijito kilikuwa kinapita. Marita alikuwa ameshika jiwe mkononi, akaliweka pembeni. Akaivuta kaki ya Danford kabla haijaingia majini, akaikung'uta, akainyunyizia maji kidogo juu kwa ajili ya macho ya fundi, akaianika katikati ya zile zilizolala majini tangu jana. Ilikauka kabla ya zote.