Nguzo za Reno na Mlimau wa Bibi

Trrr-tak! Nilikuwa jikoni, kikombe mkononi, niliposikia utepe wa kupimia ukijirudisha ndani ya kasha lake. Kimya. Halafu tena: trrr-tak! Kisha mtu akaguna. Mguno ule niliuelewa kabla sijamwona mwenyewe. Daktari huguna hivyo kabla hajakuambia uketi.

Nikatoka uani. Mkaguzi wa halmashauri, mama mwenye kofia pana na pua iliyopakwa dawa nyeupe ya jua, alikuwa amechuchumaa kati ya uzio wangu na mlimau wa bibi yangu. Nyuma ya uzio bwawa langu la kuogelea lilikuwa kavu, likisubiri cheti cha usalama.

"Umejenga mwenyewe?" akauliza.

"Mwenyewe. Shimo, matofali, zege, plasta, mabomba. Na uzio."

"Kazi safi. Geti linajifunga lenyewe, sina neno." Akaupiga mlimau kofi dogo, kama anayempongeza farasi. "Lakini huu, ndugu yangu, ni ngazi. Mtoto anakanyaga hapa kwenye panda, anashika hapa, anavuka, chubwi! Ama mti uondoke, ama uzio usogee. Nitarudi wiki ijayo. Usitie maji."

Wiki ijayo ilikuwa wiki ya Krismasi, na hapo ndipo mdomo wangu wa mwaka jana ulinirudia.

Shemeji yangu Brodie, mume wa dada Josette, anajenga mabwawa nusu ya vitongoji vyetu vya magharibi mwa Sydney. Krismasi ile, mbele ya ukoo mzima, alisema mtu asiye fundi akichimba bwawa uani anachimba kaburi la heshima yake. Nikasimama na nyama mdomoni. Nikasema Krismasi ijayo wataogelea kwenye bwawa la mikono yangu, na Brodie hatagusa hata msumari.

"Na nikigusa?"

"Pigilia kibao cha kampuni yako mbele ya nyumba. Kikae mwaka mzima."

Akakubali upesi mno.

Nikachimba. Udongo wetu ukikauka ni tofali, ukilowa ni gundi. Lakini nguzo za uzio ndizo nilizozijenga kwa moyo wote, maana nilijua Brodie atakuja kuzitikisa. Kila moja niliifukia kwa chuma na zege la kutosha kubeba daraja. Akaja kweli, akaitikisa moja, ikamtikisa yeye. Siku ile nililala usingizi mtamu.

Sasa nilitaka kuzing'oa nisogeze uzio, na nguzo zilezile zilinigomea. Nilijaribu mtaimbo, ukapinda. Nikajaribu jeki ya gari, ikalia na kufa. Ukabaki msumeno.

Mlimau ule aliupanda marehemu babu, Ganni, wiki waliyonunua nyumba. Kila jioni, bia ikiisha, alikuwa akitoka nje na kuumwagilia kwa njia ya wanaume wa mtaa wetu, akiapa kwamba malimau hayapendi kitu kingine. Bibi Guza alimfokea dirishani miaka yote ya ndoa yao. Babu alipofariki, bibi akaanza kulalamika kwamba malimau yamekuwa madogo.

"Reno, unakwenda wapi na msumeno?"

"Kupogoa, Bibi."

"Msumeno mrefu kuliko mguu wako, kupogoa?"

Akatoka, mikono imejaa unga wa pastizzi, sambusa zetu za jibini za Kimalta. Nikamweleza. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Basi kata."

"Huna neno?"

"Neno gani? Babu yako alijenga baraza, ikaanguka. Akajenga banda la kuku, likaanguka na kuku ndani. Huu tu ndio uliosimama, na hakuujenga, aliukojolea. Kata, mjukuu wangu. Kibao cha Brodie kingetutia aibu."

Akarudi ndani, akafunga dirisha. Dirisha lile halifungwi kiangazi.

Nikaweka meno ya msumeno kwenye gome, nikavuta mara moja. Harufu ya limau ikapanda mpaka puani. Nikasimama pale, mwenye bwawa, bingwa wa zege, jasho likinitiririka. Kisha nikaweka msumeno chini, nikapiga simu.

"Shem."

"Sema, fundi."

"Lete ile mashine yako ya kuvunjia zege."

Nikasikia simu ikiwekwa mezani. Halafu: "Josette! Josette, mama, njoo usikie hii!"

Kesho yake Brodie alivunja zege kuanzia asubuhi mpaka jua likazama, mashine ikimrusha kama mtu mwenye homa.

"Shem, ulikuwa unafunga tembo hapa?"

"Nilikuwa nakufunga wewe mdomo."

"Basi ongeza zege!"

Tulisogeza upande ule wa uzio. Mkaguzi akarudi, akapima, hakuguna. Nikafungua maji.

Siku ya Krismasi joto lilikuwa la kukaanga yai juu ya zege. Ukoo wote ulikuwa majini, kamba wa baharini na paja la nguruwe vikisubiri mezani kivulini. Mbele ya nyumba kibao kiling'aa: MABWAWA YA BRODIE. Majirani walipita wakichungulia. "Brodie amejitahidi," walisema. Nilizama chini ili nisisikie.

Nilipoibuka, Bibi Guza alikuwa ameketi ukingoni, miguu majini, akikamulia kamba wake limau.

"Angeliona hili babu yako..."

"Angesema nini, Bibi?"

"Angesema lina ufa." Akalamba kidole. "Reno, wewe na shemeji yako mnakunywa bia tangu asubuhi. Njia ya chooni inapita hapa nilipokaa, na sijaona mtu akienda."

Watu wote wakayatazama maji. Brodie akakohoa. Josette akatoka bwawani mbio.

"Mlimau ule pale," bibi akasema, "na bwawa hili hapa. Niahidi, mbele ya watu."

Nikapanda ukingoni, nikichuruzika, nikaweka mkono kifuani.

"Nakuahidi, Bibi. Kuanzia leo, kila jioni, mlimauni. Mimi mwenyewe, na Brodie asiguse!"