Risasi Tano za Mjane

Kampuni ya ulinzi ilimfariji mjane kwa namna yake: ilileta jeneza, ikaleta blanketi mbili, kisha ikamwambia nafasi ya marehemu ni yake, mradi afaulu shabaha. Watoto wanne, kazi hana. Angekataaje?

Kwa hiyo asubuhi hiyo alisimama kwenye uwanja wa shabaha, sare imemzidi mabega. Nyuma yake alikuwa Afande, mkufunzi wa walinzi wote wa kampuni na rafiki wa marehemu. Usingizi ulikuwa umemhama Afande tangu mazishi, na sababu aliijua mwenyewe.

"Shemeji, hiyo ni bunduki, si mtoto mchanga. Usiibembeleze. Kitako kikae begani, barabara. Kidole nje mpaka nikwambie."

"Inanuka mafuta," mjane alisema, akicheka kwa woga. "Ndivyo alivyokuwa akinuka akirudi kazini."

Afande alijifanya hakusikia. "Vuta pumzi. Toa nusu. Sasa finya polepole, usikurupuke."

Risasi ya kwanza ilikwenda ilikojua, ya pili ikachimba mchanga. Afande akaichukua bunduki, akampa mgongo, akaijaza upya. Kati ya risasi za kweli alichomeka moja bandia, isiyo na baruti. Ndiyo mbinu yake ya miaka yote: mwanafunzi hajui ipi ni ipi, na bunduki isipolia, woga wake unaonekana peupe.

Mjane alifinya. Ikasema ka! basi. Lakini mtutu uliinama chini kwa nguvu, na macho alikuwa ameyafumba kabisa.

Afande aliwahi kuuona mtutu ukiinama vilevile, mikononi mwa mume wa huyu huyu. Tena alikuwepo risasi za marehemu zilipofukuliwa: zote nne zilikuwa ardhini, hatua chache mbele ya lango la ghala alilokuwa akililinda usiku aliouawa. Majambazi walikuwa wamepita bila hata mkwaruzo.

Walirudia na kurudia mpaka jua likawa kali. Halafu ukaja mtihani wenyewe: risasi tano, tatu zigonge. Mjane aligonga moja, nayo pembeni.

Aliiweka bunduki mezani kama alivyofundishwa, akamshika Afande mkono. "Shemeji, nakuomba. Andika tatu. Nani atajua? Wanangu watakula nini?"

Roho ilimuuma Afande, tena sana. Kuandika tatu ni kazi ya sekunde moja, na mbele yake alikuwa mama wa watu hana mbele wala nyuma. Aliandika moja, akatia sahihi haraka kabla moyo haujalegea.

"Kumbe una roho mbaya hivi!" mjane alisema, machozi yakimtoka. "Na mwenzangu alikuwa akikusifu kwa huruma."

"Alipata moja, shemeji."

"Nani?"

"Mumeo. Aliniomba, hivi hivi kama wewe. Nikamwandikia tatu."

Mjane aliuachia mkono wake. Alikaa palepale mchangani, na Afande hakuthubutu kumwinua.

"Siku ile alirudi anaimba," mjane alisema mwishowe. "Akatuambia tukuombee dua. Mimi na watoto tukawa tunakuombea kila siku. Hata leo asubuhi tumekuombea."