Kikohozi cha Émilienne

...na kikohozi hakiji, daktari amekwisha kuinua vidole vyake, najua kwa sababu mkono wa shati lake lililotiwa wanga umelia karibu na uso wangu, vidole ngapi, Matata, anauliza kwa Kiswahili chake cha Bulaya, cha Wazungu, nami nimekaa wima kitini kama tulivyofunzwa jeshini, magoti pamoja, kidevu juu, nasikiliza mlangoni aliposimama mke wangu, maana tulipatana jana, mimi nitakohoa, alisema Émilienne, kidole moja kikohozi moja, weye utahesabu tu... asubuhi nilikuwa na hofu, sasa sina kitu, labda koo limemkauka, labda ameenda kunywa maji, hapana, nasikia bangili zake, yupo, miaka mitano hii yeye ndiye macho yangu, kila alfajiri tunabeba gogo moja la kuni mabegani kwenda kwenye geti la bandari ninalolinda, yeye mbele mimi nyuma, namfuata kwa huo mti, na watu wa mtaa wetu wa Mikelenge wanacheka, tazama Matata anavyompenda mke, mwanaume gani mwingine wa Kindu anabeba kuni, wacheke, afadhali kuchekwa kuliko kufukuzwa, mlinzi kipofu nani atamweka... nawajua wapitao kwa nyayo, nawasalimu kwa majina kabla hawajafungua mdomo, wanasema askari huyu ana jicho moja lakini linaona kuliko mawili, na nyumba ya kambi ni ya geti, geti likienda na nyumba inakwenda... basi askari wa zamani tulipoitwa wote hospitalini kupimwa macho tukajua, wanatafuta vipofu wawatoe kazini, ndiyo sababu ya kikohozi, kumbe sivyo, sasa hivi tu, kabla ya kuinua vidole, daktari amesema jambo jingine, polepole kana kwamba mimi ni kiziwi, batu ya Bulaya banatoa franga, si ya dawa, dawa haiko bado, ni ya kutafuta sababu, jicho moja ikipigwa kwa vita, juu ya nini ile ingine inakufa nyuma, tukijua namna inaanza pengine tutaizuia... nyuma, alisema nyuma, yaani baadaye... jicho langu la kushoto lilibaki Saio, Abisinia, mwaka wa arobaini na moja, bomu lilipasua mwamba na vijiwe vikatuingia machoni mimi na askari mwenzangu Okito pamoja, mimi kushoto, yeye kulia, tulicheka hata, tumefungwa bandeji, Okito akasema sasa sisi wawili njo muntu moja muzima, jicho yako na yangu, na lile jicho langu jingine, ambalo hakuna jiwe lililoligusa, mwaka uliofuata, nimeshapewa geti, likaanza kuwasha, jua likawa linaliuma, likawa jekundu, kisha moshi, kisha basi, sikumwambia mtu ila mke wangu... na leo asubuhi Okito, ambaye yuko benchi la nje anangoja zamu yake, alinishika mkono akasema, ndugu yangu, jua ya leo inaniuma jicho, inawasha tangu juzi, nikamjibu ni vumbi tu, mimi, mtu pekee Kindu nzima anayejua kwa jicho lake mwenyewe kuwasha kule kunapeleka wapi, nikasema vumbi... nikibahatisha nikasema tatu, nikapata, daktari ataandika kwamba jicho la Matata ni zima, mawe ya Saio hayana neno, halafu atamwita Okito, na daktari naye atamwambia ni vumbi... na Émilienne ameyasikia yote, mlango uko wazi, amemsikia daktari, asubuhi alimsikia Okito, hakusahau kukohoa, amenyamaza makusudi, hakuniuliza, angeniuliza vipi, amenyamaza tu na kuniacha peke yangu humu ndani, nami ningepaswa kumkasirikia na sioni hasira iko wapi, naitafuta, haipo... vidole ngapi, daktari anasema tena, mkono bado uko juu, nausikia wanga wa shati, mbele yangu ni giza lile lile la miaka mitano, bangili zimetulia, ila sikio langu limeacha mlango, limetoka mpaka benchini, Okito anaulizwa na mtu mbona unalia machozi, naye anacheka, anajibu, Matata amesema ni vumbi tu, na mimi nafungua mdomo.