Maziwa Yasiyo na Jina

Viza yetu ilikuwa na tarehe yake ya mwisho, na mimba yangu ilikuwa na tarehe yake, na hizo mbili hazikuafikiana. Viza tuliipata kwa bahati nasibu, kama Waalgeria wengi wa mtaa tuliohamia, kaskazini-mashariki ya Philadelphia. Usipoingia Marekani kabla ya siku iliyopigwa muhuri, bahati yako imekwenda na maji. Basi tukapanda ndege nikiwa na miezi sita, nimevaa koti la mume wangu, Sofiane, kwa sababu langu halikufungika tena.

Wiki nne baadaye presha ilinipanda, wakanipasua, wakamtoa mtoto.

Alikuwa na kilo moja na robo. Alilala ndani ya kisanduku cha kioo chenye joto, mpira mwembamba umepita puani hadi tumboni, kofia ya sufi imemfunika mpaka kwenye nyusi. Hakuwa na jina bado. Kwetu jina husubiri siku ya saba, na mimi niliogopa hata kuiwaza hiyo siku ya saba.

Maziwa yangu hayakutoka. Kila baada ya saa tatu nilikaa na mashine ya kukamulia, ikavuta, ikahema, na chini ya chupa nikapata unyevu tu, kama jasho. Muuguzi wetu, Denise, mama mnene aliyefunga miwani yake kwa uzi wa shanga, hakushangaa.

"Mwili wako bado uko kwenye ndege, mpenzi," alisema. "Utatua."

Siku ya tatu wakamjaribu mtoto kwa maziwa ya kopo, kijiko kimoja tu cha chai. Tumbo likamvimba, likawa gumu kama limau. Wakasimamisha. Siku ya nne Denise akaja na fomu. Hospitali ilikuwa na maziwa ya akina mama waliojitolea, yanatoka benki ya maziwa, yamepimwa na kupashwa moto kuua vijidudu.

"Utumbo wa mtoto wa wiki thelathini ni kama karatasi ya sigara," alisema. "Maziwa ya binadamu ndiyo anayoyaweza. Weka sahihi hapa tuanze."

"Ni ya nani?" nikauliza.

"Ya akina mama."

"Akina mama gani? Wanaitwa nani?"

Alinitazama juu ya miwani. "Hatujui. Wanachanganya ya watatu, wanne, pamoja. Wewe ukinunua jibini unauliza jina la ng'ombe?" Kisha akauona uso wangu, akaacha kucheka.

Nilimweleza kwa Kiingereza changu cha chuo kikuu. Kwamba mtoto akinyonya maziwa ya mwanamke, mwanamke yule ni mama yake, na watoto wa mwanamke yule ni ndugu zake, na ndugu hawaoani. Kwamba kwa hiyo mtu lazima ajue. Denise alisikiliza mpaka mwisho, kalamu mkononi.

"Hiyo," akasema polepole, "haimo kwenye fomu."

Sofiane alifika jioni na harufu ya moshi wa magari. Kwetu alikuwa mhandisi wa maji. Hapa alikaa kwenye kibanda cha tiketi katika gereji ya kuegesha magari, ghorofa ya tatu chini ya ardhi. Alikuwa amepanda juu wakati wa mapumziko, akampigia imamu wa mtaa. Imamu alisema wanachuoni wamehitilafiana, na wapo walioyaruhusu maziwa kama hayo kwa dharura.

"Basi?" nikamwuliza.

"Basi ngoja nimwulize mama."

Alikwangua kadi ya simu kwa ukucha, akapiga, akaweka sauti ya juu. Mama yake tulimwita Lalla Dahbia, sote, hata majirani. Alikuwa mtu wa kuheshimiwa na kuogopwa kidogo. Alimsikiliza mwanawe bila kumkatiza, kisha akasema neno moja.

"Hapana."

"Mama, imamu amesema—"

"Imamu hatakuwepo siku mwanao atakapoleta mchumba nyumbani. Huyo msichana amenyonya wapi? Mama yake alikuwa nani? Utamwuliza nani, kisanduku cha kioo?"

"Mji huu una watu milioni moja na nusu, mama."

"Ndiyo nasema. Tafuteni mwanamke mwenye jina."

Mwanamke mwenye jina alipatikana kesho yake asubuhi. Huria, mke wa rafiki aliyetupokea uwanja wa ndege, alikuwa na binti wa miezi mitano na maziwa ya kumwaga. Alifika wodini na chupa mbili ndani ya mkoba, zimezungushiwa soksi zisipoe.

"Haya maziwa ya kwetu Tiaret," alimwambia Denise kwa Kiingereza cha sokoni. "Mungu mwenyewe ameyapima."

"Naamini, dada. Sasa na maabara nayo iyapime. Damu yako kwanza, halafu majibu, kama siku kumi."

"Siku kumi? Huyu mtoto ana siku kumi?"

Huria alinigeukia, akaniona, akazirudisha chupa kwenye soksi zake. "Wasila, dada yangu," alisema kwa lugha yetu, "ningekupa hata kifua chenyewe." Alikaa nami saa nzima. Mwanangu asingekosa jina la mama wa kunyonya, lingekuwa Huria binti Kadur, na binti yake angekuwa dada. Lakini huyo mwanamke mwenye jina ilibidi asubiri maabara.

Saa nane mchana daktari alinambia kwa upole kwamba mtoto amepungua gramu tisini. Maji ya mshipani yanamshika tu, hayamjengi. Alitaka jibu kabla ya zamu kubadilishwa.

Nilimpigia Sofiane mara tano. Chini ya ardhi kule hapakuwa na mtandao. Mapumziko yake yalikuwa yamepita, na simu yake ingefufuka saa mbili usiku, akipanda ngazi kurudi. Mama yangu mzazi nilikuwa nimemzika Annaba miaka miwili kabla. Nikabaki na kadi ya simu aliyoiacha mume wangu juu ya meza, na mama mkwe ambaye sijawahi kuzungumza naye peke yangu hata dakika tano.

Nilipiga. Kule ilikuwa saa mbili usiku, nikasikia televisheni ikizimwa.

"Lalla, ni mimi. Wasila."

"Mtoto?"

"Yupo. Amepungua." Nikamweleza habari ya Huria na maabara. Kisha nikasema jambo ambalo hata leo sijui nilitoa wapi ujasiri wake. "Lalla, nataka kujua kwa nini. Si dini peke yake. Imamu ametupa njia, na wewe unasali nyuma ya imamu kila Ijumaa."

Nilidhani nimemkosea adabu, nikaanza kutafuta neno la kuomba radhi.

"Siku ya posa," akasema, "nilimwuliza marehemu mama yako swali. Unakumbuka?"

Nilikumbuka. Alimwuliza mara tatu: mwezi wa Oktoba mwaka wa tetemeko, huyu binti yenu alikuwa wapi? Mama alicheka, akajibu kwamba mimi nilikuwa Annaba, mashariki kabisa ya nchi, mchanga wa miezi sita, sijatoka nje ya nyumba. Baadaye jikoni wakubwa walimteta, wakasema mama mkwe wangu ana maswali ya polisi.

"Ilikuwa Ijumaa, saa saba mchana," Lalla alisema. "Wewe unajua mji wetu wa El Asnam ulivyoanguka, mmesoma shuleni. Sisi walituweka mahemani. Sofiane alikuwa kifuani, miezi saba. Siku ya pili askari mmoja akaja na mtoto wa kike ndani ya blanketi la jeshi. Amemtoa chini ya ngazi. Mama yake..." Akaacha. "Askari akauliza, kuna mwenye maziwa? Binti yangu, nilikuwa nimejaa mpaka gauni limelowa, na yule mtoto analia. Nani atauliza jina?"

"Ulimnyonyesha."

"Siku tisa. Huku yeye, huku Sofiane. Walikuwa wakipigana mateke. Siku ya kumi nilikwenda kupanga foleni ya mkate, nikamwacha na jirani. Niliporudi lori limeshawachukua mayatima. Wapi? Huyu anasema Algiers, yule anasema Oran. Mimi niliyekuwa nikijua kila mtu mtaani kwa jina la babu yake, sikuwa na jina hata moja la kuuliza."

Nilisikia akivuta pumzi.

"Miaka ishirini na nane natazama wasichana wa umri wa mwanangu. Sokoni, harusini. Kila ambaye Sofiane alimtaja nilikwenda kuchimba habari zake. Wawili niliwakataa kwa sababu mama zao hawakuweza kunijibu, na Sofiane mpaka leo anadhani ni kiburi changu. Mzigo huu siutaki kwako, ndiyo maana nikasema hapana."

"Sofiane hajui?"

"Baba yake, Hajj, alisema hakuna haja."

Sauti ya mwanamke wa kadi iliingia kati yetu, ikatuambia imebaki dakika moja.

"Unamwona mtoto hapo ulipo?" Lalla akauliza haraka.

"Namwona, kupitia dirisha."

"Analia?"

"Hana nguvu ya kulia."

Sekunde za kadi zikawa zinapita.

"Yule alikuwa akilia," alisema, na kadi ikaisha.

Sikujua kama nimepewa ruhusa. Hata sasa sina hakika. Nilisimama kwenye korido, simu imekufa mkononi, na mbele yangu, nyuma ya kioo, mwanangu alifungua kinywa kama anayetaka kusema jambo, akakifunga. Nilimwita Denise nikaomba kalamu. Sahihi yangu ikatoka kama ya mtu mwingine.

Denise alileta maziwa katika bomba la sindano, mililita mbili tu, ya rangi ya pembe za ndovu. Aliyaunganisha na mpira, akaliinua bomba juu ya kichwa cha mtoto, akayaacha yashuke yenyewe.

"Usinisimamie hivyo, mama, hapa si mahakamani," alisema. "Kaa umshike mguu."

Nilimshika mguu. Nilijaribu kuwaza nyuso za wanawake wale, nikashindwa. Niliwaza mikono tu, ikifunga vifuniko vya chupa katika majiko ya mji huu nisioujua, huku watoto wao wakilala chumba cha pili. Tulikaa kusubiri tumbo livimbe. Halikuvimba.

Sofiane alipofika nilimwambia nimeweka sahihi. La mama yake nililimeza. Halikuwa langu kulisema. Alitazama karatasi ya vipimo, akamtazama mtoto, akakaa na koti lake mwilini mpaka wauguzi walipomwambia saa za wageni zimekwisha.

Siku ya saba tulimpa jina, Naim. Huria alileta tamina, suji iliyokaangwa na kukorogwa kwa asali na siagi, chakula cha mzazi, akagawa wodi nzima. Denise alikula vijiko viwili, akauliza kama mwenye kujifungua tu ndiye anayeruhusiwa au na mwenye kuchoka pia. Siku ya tisa maziwa yangu yalikuja, machache, kisha ya kutosha. Denise alisema ndege imetua.

Lalla hakupiga simu siku zote hizo. Alipopiga, Naim alikuwa amefika kilo moja na nusu, na mimi nilikuwa nyumbani nikisubiri saa ya kwenda kumwona. Sofiane alikuwa akikaanga mayai. Nikaiweka simu sikioni.

"Uliweka sahihi," alisema. Hakuwa anauliza.

"Ndiyo, Lalla."

"Wangapi?"

"Sijui. Watatu au wanne kila chupa. Kwa siku tano."

"Kila chupa. Basi mwanao ana ukoo mkubwa kuliko wetu."

Sikujua kama nicheke. Yeye ndiye aliyecheka, kicheko kifupi kikavu.

"Daftari la familia unalo?"

Nilikuwa nalo, kijitabu tulichopewa siku tuliyofunga ndoa, ukurasa wa mume, ukurasa wa mke, kisha kurasa za watoto. Tulikivusha bahari ndani ya begi la mkononi, pamoja na vyeti.

"Ukurasa wa mtoto, chini ya jina lake, andika. Siku, mwezi, mji. Andika kwamba alinyonya kwa wanawake wasiojulikana. Akikua asome mwenyewe, aulize mwenyewe. Asiachiwe mama yake peke yake kubeba."

"Niandike kwa penseli?"

"Kwa wino, binti yangu. Penseli ya nini?"

Niliandika, nikamsomea. Alinirekebisha tarehe moja.

"Sasa rudi nyuma," alisema, na sauti yake ikashuka, nikajua kwamba hili ndilo lililomfanya apige. "Ukurasa wa mume wako. Mimi sijui kuandika, ungeona nimeshaandika zamani. Weka: ana dada wa kunyonya, jina halijulikani. El Asnam, hema la kumi na nne, Oktoba 1980. Siku tisa."

"Lalla, yupo hapa nyuma yangu."

"Najua yupo. Nasikia mafuta."

Niliandika polepole, kwa mwandiko wangu bora kuliko wote, ule wa mitihani. Nilimpa Sofiane simu kwa mkono mmoja na daftari kwa mkono wa pili.

Alisoma amesimama, mwiko ameuacha kwenye kikaango. Akasoma tena. Mama yake hakukata simu. Mayai yakaanza kuungua, nikaenda kuzima jiko.

"Mama," akasema hatimaye, "huyo dada alikuwa analala upande wangu gani?"

Sikusikia jibu. Nilimwona tu akikaa chini sakafuni, taratibu, mgongo ukutani, akiuweka mkono wake juu ya bega lake la kushoto.